Mwalimu Aliyetufunika Mikono

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Chapa, basi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ardhi, na alipostaafu alirudi nyumbani na mgongo ulionyooka kama rula na jicho lisilosamehe kosa. Kinyozi wa jirani alikuwa na bango lenye herufi moja iliyogeuka. Bi Chapa alipita pale kila asubuhi, akasimama, akalitazama, akaenda zake, mpaka kinyozi akaona haya na kulipaka upya. Nilikuwa na miaka kumi na saba wakati huo, na nilimpenda kwa ajili ya lile bango kabla hatujawahi kuzungumza. Kinyozi mwenyewe hajampenda mpaka leo, lakini hilo ni lake.

Sebuleni kwake hakukuwa na makochi. Aliyasukumia yote chumbani, ikawa kufika kitandani lazima ayapande kama ngazi, ili sebule ibaki na kompyuta tano. Zilikuwa kuukuu, za zile zenye kisogo kikubwa, na moja ilikuwa haiwaki mpaka uipige kofi ubavuni. Alizipata kwa ubishi. Siku ya kumuaga, ofisi ilimwandalia zawadi ya saa ya ukutani. Akashukuru, akasema saa anayo na inakwenda vizuri, ila kuna kompyuta tano zimerundikwa stoo zinakula vumbi, na angefurahi zaidi kupewa hizo. Mkurugenzi alicheka akidhani ni utani. Bi Chapa hakucheka, na wiki iliyofuata zikaletwa kwa mkokoteni.

Kwa nini kompyuta, na kwa nini wasichana tu, alitusimulia mara moja, akiwa anapangusa kibodi, bila kututazama. Kompyuta zilipoingia ofisini kwao mara ya kwanza yalitangazwa mafunzo ya wiki mbili, na ikatakiwa orodha ya watakaokwenda. Yalikuwa majina tisa, wanaume peke yao, hadi dereva. Orodha yenyewe aliipiga chapa yeye, nakala tatu, bila kosa hata moja, akaipeleka ikasainiwe. Wale tisa waliporudi na vyeti vyao hakuna aliyeweza kuandika barua ya ukurasa mmoja chini ya saa nzima, kwa hiyo wakawa wanamwita yeye awaandikie. Kitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine kilikuwa bado kwenye nailoni yake. Alikichukua, akakisoma chote saa za chakula cha mchana, kurasa mia tatu na ushei, kamusi ikiwa pembeni. Mimi nikikumbuka habari hii damu hunichemka, hasa nikifika kwa dereva. Yeye alisema tu kwamba aliapa moyoni kuwafundisha wasichana, akaendelea kupangusa.

Kwa baba yangu alikuja kama mteja. Baba ni fundi seremala, na hakuna anachokichukia kama mteja mjuaji. Bi Chapa aliagiza meza moja ndefu ya kubeba kompyuta zote. Ilipokamilika aliketi mbele yake palepale karakanani, akakunja viwiko, akasema iko juu mno kwa vidole viwili. Baba akakunja uso, akachukua futi, akapima. Akapima tena. Kisha akapunguza miguu ya meza vidole viwili, na tangu siku hiyo akawa anawahi kumwamkia yeye.

Ni siku hiyohiyo alipomwomba baba anichukue nikasome kwake. Alisema ameniona nikipigilia misumari na mikono yangu haina woga. Baba akamjibu kwamba mambo ya kompyuta ni ya vijana wa kiume wenye muda wa kupoteza, na kwamba mimi nimeshaombewa nafasi kwa mama yangu mdogo, mji mwingine, nikajifunze cherehani. Bi Chapa hakubishana naye. Alimuuliza tu kama anadhani kompyuta inajua aliyekaa mbele yake amevaa suruali au gauni. Baba akajikuna kidevu kwa muda mrefu, kisha akatoa miezi minne. Ikipita bila kazi ya kueleweka, nafungasha. Sina ugomvi na cherehani, mama mdogo ndiye aliyenishonea nguo zote za utotoni. Lakini mimi na uzi hatuelewani.

Tulikuwa wanne, na hakuna aliyebaki na jina la kwao. Mimi nilikuwa Msumari, kwa sababu niligonga vitufe kana kwamba naangika picha ukutani. Konokono alikuwa Konokono, na Redio hakuwa ananyamaza hata akiumwa jino. Wa nne aliitwa Jicho, na sababu yake nitaisema.

Siku ya kwanza Bi Chapa hakutuwashia kitu. Alitugawia bisibisi. Alisema hatamwonyesha mtu namna ya kuitumia mashine anayoiogopa, na huwezi kuogopa kitu ulichokifungua ukapuliza vumbi lake. Tulifungua, tukapuliza, tukapiga chafya, tukarudishia, na moja ikabaki na skrubu mbili ambazo mpaka leo hatujui zilikuwa za wapi. Siku ya pili alikuja na vitambaa vinne vya maua, akavitandaza juu ya kibodi, akatuambia tuingize mikono chini yake. Macho ni ya kusoma kazi, alisema, vidole vina kumbukumbu yao wenyewe. Alisimama nyuma yetu akitaja kila herufi na kila namba na kidole chake, nasi tukafuata gizani. Ukikosea alikupiga kijiti kidogo begani, si cha kuumiza, cha kukuaibisha. Wengine tulitii. Jicho alikuwa akiinua upindo wa kitambaa kila Bi Chapa alipogeuka, akachungulia, akaandika.

Katika mwezi wa tatu wa mafunzo Bi Chapa alivaa viatu vyake vya ofisini, akaenda kliniki kumwona muuguzi mkuu. Kliniki ilikuwa na kadi za wagonjwa elfu nne kwenye makabati, na mgonjwa alisubiri mpaka homa ipande tena kwa sababu kadi yake haionekani. Walikuwa wamefungiwa mfumo wa kompyuta tangu mwaka uliopita, mtupu kabisa, kwa kuwa hakukuwa na wa kuuingizia kadi. Makubaliano yakawa hivi: sisi wanne tuingize kadi zote kwa wiki mbili. Mfumo ukifanya kazi, kliniki itamwajiri mmoja wetu ashike dawati la kumbukumbu. Bi Chapa alisema huyo mmoja atakuwa Msumari, kwa kuwa ndiye mwepesi kuliko wote na ndiye aliyepewa muda. Redio akanikumbatia. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheza peke yangu.

Tulimaliza siku moja kabla. Mimi peke yangu niliingiza kadi zaidi ya elfu moja na mia tano, kwa kasi ambayo hata karani wa mapokezi alikuja kuishangaa. Jumatatu mfumo ukafunguliwa rasmi, na kabla chai ya saa nne haijanywewa mambo yakaharibika. Mama mmoja alikuja na mtoto mwenye kikohozi, akatoa kijikaratasi chake cha namba, karani akaiandika, kompyuta ikajibu kwamba hakuna mgonjwa kama huyo. Akaja mzee wa shinikizo la damu, naye hayupo. Wa tatu alikuwepo. Wa nne, wa tano, wa sita hawakuwepo. Watu walianza kunung'unika kwenye mabenchi. Muuguzi mkuu, mwanamke mpole kwa kawaida, alinitazama kwa namna ambayo ningependa kuisahau. Alimpigia simu fundi aliyeufunga mfumo, naye akasema dawa ni moja: Jumanne asubuhi atakuja kufuta kila kitu, na kazi wapewe watu wanaojua. Nilimsikia mwenyewe, kwa sababu simu ilikuwa na sauti kubwa. Akamalizia kwa kusema ndiyo hasara ya kuchukua wasichana wa sebuleni.

Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu. Nilimwomba karani anipishe kidogo, nikachukua kijikaratasi cha yule mama, nikaandika namba, K1047. Mtoto akatokea hapohapo, jina, umri, kikohozi cha mwezi uliopita na vyote. Karani akasema haiwezekani. Akaandika yeye, mtoto hayupo. Nikaandika mimi, mtoto yupo. Mama wa watu akaanza kumvuta mwanawe nyuma kidogo. Karani akaniambia labda mkono wangu una bahati. Mimi kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu nikatazama chini, nikaviangalia vidole vyangu vikifanya kazi. Kwenye moja, kidole changu cha pete hakikwenda juu kwenye safu ya namba. Kilibaki palepale kilipo na kugonga herufi, ile l ndogo. Kwenye sifuri hakikwenda kwenye sifuri, kiligonga O kubwa. Ukivitazama kwenye kioo cha kompyuta havina tofauti. Kompyuta yenyewe inaona ni vitu viwili visivyojuana, na kwa kuwa kila namba ya kadi huanza na herufi K, kile kisanduku cha kuandikia namba kilipokea herufi zangu zote bila kulalamika.

Nilipekua kadi moja baada ya nyingine mpaka mchana. Zangu zilikuwa mbovu karibu zote. Za Konokono na Redio vilevile. Za Jicho, zote mia sita, zilikuwa safi kama maji ya chupa. Sisi tuliotii ndio tuliokosea, na yule aliyechungulia ndiye aliyeona kwamba namba zina vitufe vyake. Nilicheka peke yangu, na palepale kicheko kikaniishia, maana nilielewa kosa lilikuwa la nani.

Njiani kwenda kwa Bi Chapa nikaanza kujidanganya. Nilijua namna ya kulirekebisha. Ningeweza kusema ni hitilafu ya mashine, nani angejua? Bi Chapa asingeaibika, mimi ningepata kazi yangu, na safari ya kwa mama mdogo ingekufa. Nilifika kwake nimeshakata shauri kunyamaza. Lakini wiki ile alikuwa amepokea wasichana sita wapya, na nilipopiga hodi nilisikia sauti yake ikitoka sebuleni, ikihesabu polepole: moja, kidole cha pete cha mkono wa kulia, palepale kilipo. Mikono ya wale sita ilikuwa chini ya vitambaa, wawili wakigawana kibodi moja, vidole vyao vinajifunza. Wangekuwa sita, kisha kumi na wawili, na wote wangefukuzwa kazi na watu wanaosema wasichana wa sebuleni.

"Mwalimu," nikasema, "ile moja unayotufundisha si moja."

Akaniambia nirudie. Nikarudia, nikamweleza yote, kadi, karani, simu ya fundi, huku macho yangu yako sakafuni, kwa sababu nyumbani kwetu mtoto hamwambii mtu mzima kwamba amekosea, hata kama nyumba inawaka. Na huyu hakuwa mtu mzima wa kawaida tu. Alikuwa Bi Chapa.

Aliwaambia wale sita watoke uani wakapunge upepo. Akaingia chumbani, nikamsikia akiyaparamia makochi, akarudi amekumbatia taipureta yake ya zamani, akaiweka mezani. Akanionyesha safu ya namba kwa kidole. Ilianza na mbili. Moja haikuwepo kabisa, wala sifuri. Waliotengeneza mashine zile walibana nafasi, akasema, na kila mpiga chapa wa enzi zao aliandika l na O. Alipohamia kwenye kompyuta vidole vilihama na desturi yao, na barua zake zikasomwa na watu, na watu hawaoni tofauti hiyo. Alisema hayo bila kujitetea, kama anayesoma taarifa ya mtu mwingine. Kisha akauliza kadi za Jicho zimesalimika vipi, ikanibidi nimchongee rafiki yangu. Bi Chapa alicheka mpaka akatoa leso. Sikujua kama anafuta machozi ya kicheko au ya kitu kingine, na moyo uliniuma, nikatamani ningenyamaza.

"Unaweza kuzitengeneza?" akauliza.

Nikasema nadhani. Akasema nadhani si jibu. Basi nikamweleza: kila namba ni K na tarakimu nne, hakuna herufi nyingine, kwa hiyo naweza kuiamuru kompyuta ipite kwenye safu ya namba peke yake, kila l iwe moja, kila O iwe sifuri, majina isiyaguse. Kwanza natoa nakala ya vyote, nakala ikiharibika hakuna aliyeumia. Akasema hilo hakunifundisha. Nikamwambia nimelisoma kwenye kile kitabu chake cha kurasa mia tatu.

Jumanne alivaa viatu vya ofisini, tukaenda wote. Fundi wa mfumo alikuwa ameshafika, anazungusha funguo za gari kwenye kidole, na aliponiona akamwambia muuguzi mkuu kwamba huyu ni mmojawapo. Nilifungua kinywa nimpe vidonge vyake. Bi Chapa alinikanyaga mguu kwa kisigino, akanitangulia mbele ya meza. Alisema kwa sauti ileile ya kutaja herufi, wagonjwa kwenye mabenchi wakisikia:

"Kosa ni langu. Hawa wameandika nilivyowafundisha, na niliwafundisha vibaya. Huyu binti ndiye aliyeliona. Naomba mpaka saa sita mchana kabla hamjafuta."

Muuguzi mkuu alimtazama fundi, akaitazama saa, akasema saa sita. Nilitoa nakala. Nikajaribu kwenye kadi ishirini, zikakubali. Nikajaribu kwenye mia, zikakubali. Fundi alisimama nyuma yangu akiwa amekunja mikono, baadaye akavuta kiti akaketi, baadaye zile funguo zikaingia mfukoni, na mwisho akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia sebuleni. Saa tano na nusu nikaiamuru ipite kwenye kadi zote. Karani akaita mtu wa kwanza kwenye benchi, akaandika namba yake, akapatikana. Wa pili akapatikana. Karani aliendelea kuita tu, kwa sauti inayozidi kupanda, na alipofika wa kumi na tano muuguzi mkuu akasema nianze kazi Jumatatu.

Ningepaswa kufurahi. Lakini njia nzima ya kurudi Bi Chapa hakunisubiri. Alitembea mbele yangu, mgongo umenyooka, visigino vinagonga, na nilijua nimemvunjia heshima ya maisha yake mbele ya umati. Hakuelekea kwake. Alipinda kona, akaenda moja kwa moja karakanani kwa baba.

Baba alikuwa anapiga randa. Akasimama, akamwamkia.

"Binti yako amenisahihisha," Bi Chapa akasema. "Jana mbele ya wanafunzi wangu. Leo imejulikana kliniki nzima."

Baba akaiweka randa chini. Alinitazama kwa jicho ambalo nalijua tangu utotoni, kisha akaanza kuomba radhi, kwamba Mwalimu atusamehe, hatukumlea hivi, na kwamba wiki hiihii nitakwenda kwa mama mdogo. Bi Chapa akainua mkono, akamnyamazisha kama anavyotunyamazisha sisi.

"Nimeandika miaka ishirini na sita, nimefundisha miezi mitatu," akasema, "hakuna aliyewahi kuisoma kazi yangu akaona kosa. Nikadhani ni kwa sababu halipo. Kumbe sikuwa nimempata mtu wa kuliona. Huyu ameliona, na kliniki imempa kazi. Nimekuja kukushukuru."

Mimi nililia palepale, kwenye mavumbi ya mbao, kwa sauti, bila aibu. Baba, ambaye hajui afanye nini na mtu anayelia, akanisogezea kiti ambacho bado alikuwa hajakipiga msasa. Akauliza, kama mtu anayetafuta tu cha kusema, hiyo kazi yenyewe inaanza lini. Bi Chapa akajibu kwa niaba yangu. Kisha akanigeukia, akanikung'uta vumbi begani.

"Jumatatu uwahi kazini," akasema. "Lakini kesho saa tatu njoo kwangu, uwafundishe wale sita moja ilipo. Mimi kidole changu kimezoea, bado kinakataa. Nitakaa nao, unifundishe na mimi."